Masika ya Ukuta wa Nyuma

Jumanne, 4 Machi

Wasanii wangu wamefika, wote watatu, na mvua bado. Daftari hili nimelinunua stendi, kwa sababu mwezi wa Juni nitadaiwa ripoti na kichwa changu hakishiki tarehe.

Nyumba iko kilimani, dakika kumi kwa bajaji kutoka stendi ya Mbezi Luis. Zamani walikuwa wakifikia mabwana shamba. Halmashauri ikairithi, ikawaachia popo miaka kumi na moja, mpaka Mzee Albano, mkuu wangu wa kitengo cha utamaduni, alipoipigania kikao kwa kikao ikawa Nyumba ya Wasanii. Wasanii watatu, miezi mitatu, wanalala na kufanya kazi humo, kisha wanawaonesha watu wa mtaa walichofanya. Mratibu ni mimi.

Mbele kuna sebule kubwa na chumba kimoja. Nyuma kuna vyumba viwili na karakana. Hatua nne kutoka madirisha ya nyuma umesimama ukuta wa mawe, kimo cha mtu na nusu, unaozuia kilima kisitushukie.

Chumba cha mbele nimempa Aya, ana miaka ishirini na sita, anaimba singeli, ametoka Tandika na spika mbili. "Sista Najma, hapa pako poa, ila network ndo ishu," aliniambia kabla hajaweka begi chini. Chumba cha nyuma cha kwanza amechukua Mzee Matar, mwandishi wa vibao vya maduka, miaka sitini na sita, anayechora herufi kubwa kuliko mlango bila rula. Cha mwisho, kinachopakana na karakana, ni cha Mama Eufrazia, mfinyanzi kutoka Ludewa, kule ziwani. Amekuja na furushi la magunzi ya mahindi na mawe laini ya kusugulia vyungu. Hakutabasamu hata mara moja.

Jumatano, 5 Machi

Eufrazia analalamika godoro lina unyevu.

Alhamisi, 6 Machi

Analalamika dirisha halifungi. Nimemtuma fundi.

Nilikuwa napanga faili la nyumba. Fomu ya ukaguzi wa jengo imo, na sahihi yangu imo. Inasema kwamba tarehe 11 Februari mimi na mhandisi wa halmashauri tuliizunguka nyumba yote tukaiona ni salama kwa watu kulala. Siku hiyo Mhandisi Nurdin hakuja. Nilikuwa nimekaa ofisini kwa Mzee Albano, fomu iko mezani.

"Saini tu, mwanangu," aliniambia. "Nurdin atapita kesho. Tukichelewa hapa, kibali kinarudi baraza la mwakani."

Nikasaini. Pale pa mhandisi Mzee akaandika "kwa niaba". Kesho yake Nurdin hakupita, na nadhani sote wawili tulisahau. Leo nimekumbuka. Faili nimelirudisha kabatini.

Jumatatu, 10 Machi

Eufrazia kapata udongo anaoutaka, kilimani juu ya ukuta, pembeni karibu na mpera. Aliuliza kama anaruhusiwa kuchimba. Nikamwambia achimbe, bora asiguse bomba la maji. Kwa mara ya kwanza nimemwona amefurahi. Aliuonja kwa ulimi kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi.

Alhamisi, 13 Machi

Darasa la kwanza la akina mama wa mtaa. Wamekuja kumi na wawili, watakuwa wanakuja kila Alhamisi saa nne asubuhi. Karakana ilijaa vicheko. Eufrazia anafundisha kwa kuvunja. Chungu kibaya anakikandamiza tena kiwe bonge bila kusema neno, na mwenye chungu anaanza upya. Mzee Albano alipita, akapiga picha, akaniambia nimefanya kazi kubwa. Nilirudi Ukonga kwa mama nikiwa mwepesi.

Jumapili, 16 Machi

Mvua ya kwanza. Haba.

Jumatano, 19 Machi

Nilipoingia tu getini Eufrazia alinishika mkono. "Mama afisa, njoo uone."

Kwenye ukuta wa nyuma, nyuma ya karakana, kuna ufa. Unaanzia juu na kushuka kwa kukata pembe mpaka kwenye kiuno cha ukuta. Aliingiza ncha ya kidole.

"Ulikuwepo tangu zamani," nilisema.

"Ulikuwepo. Juzi kidole hakikuingia."

Nilimwambia nitawasiliana na mhandisi. Nilipofika ofisini nikakumbuka ile fomu, nikaanza na kazi nyingine.

Jumamosi, 22 Machi

Nimefuturu na Mzee Matar na Aya sebuleni. Mzee alisimulia jinsi marehemu baba yake, mwenye duka la vitambaa, alivyomkataza kuandika vibao: "Mtoto wa duka hukaa ndani ya duka, hapandi ngazi nje." Eufrazia, ambaye hafungi, alitupikia tambi, akala nasi, kisha akaenda nyuma na tochi kuangalia ukuta wake.

Jumanne, 25 Machi

Imenyesha siku mbili.

Eufrazia amebandika vipande vya udongo vitatu juu ya ufa, kama plasta juu ya jeraha. Kimoja kimekatika. Nilimwambia udongo ukikauka hupasuka wenyewe, hilo hata mimi nalijua.

"Ukikauka hupasuka hovyo hovyo," alijibu. "Huu umekatika mstari mmoja, tena angalia, upande huu umeshuka. Ukuta unatembea, mama afisa."

Alisema kwa sauti ile ile aliyolalamikia godoro. Ndiyo inayonichosha. Mtu akilalamikia kila kitu kwa sauti moja, utajuaje lipi ni lipi?

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mzee Albano, Mkristo wa watu, alikuja Ukonga na mkewe kutupa mkono wa Idi, kama anavyofanya kila mwaka. Mama anampenda. Baba alipofariki, Albano ndiye aliyesimamia kila kitu mpaka tukatoka makaburini, na miezi sita baadaye akanitafutia nafasi kwenye kitengo chake. Nilitaka kumwambia habari ya ufa. Alikuwa na sahani ya biriani mkononi, anacheka na mama. Nikaona siyo mahali pake.

Alhamisi, 3 Aprili

Kipande cha pili kimekatika. Sasa kidole kinaingia mpaka kwenye kiungo cha kwanza.

Nimemwambia Mzee Albano ofisini kwake, mlango umefungwa.

"Ule ukuta una miaka arobaini," alisema. "Umeona masika ngapi?"

"Mama Eufrazia anasema unatembea."

"Mama Eufrazia ni mhandisi?" Hakuwa mkali. "Najma, maonesho ni tarehe 25. Meya anakuja. Tukimwita Nurdin leo, swali la kwanza atakalouliza ni nani alijaza jina lake kwenye fomu. Ngoja maonesho yapite, tutatengeneza kimya kimya."

Nilitoka nimetulia kidogo. Ni mtu mzima, ameona mengi.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikukuu, lakini nilipitia nyumbani kwa wasanii. Inanyesha. Aya alikuwa amekaa kizingitini, kompyuta mapajani, anatengeneza mdundo.

"Sista, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Hii nyumba kabla hatujaja, mliikagua?"

"Fomu ipo."

"Sijauliza fomu," alisema, macho kwenye kompyuta. "Ila poa."

Nimelifikiria neno lake njia nzima mpaka Ukonga.

Jumanne, 8 Aprili

Nimempigia Nurdin. Sikumtajia fomu, nilisema tu kuna ufa ningependa auone. Alinijibu kistaarabu: yeye hatoki bila maombi ya maandishi, yapitie kwa mkuu wangu, na iambatanishwe nakala ya ukaguzi wa mwanzo ili ajue pa kuanzia.

Nakala ya ukaguzi wa mwanzo.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeandika barua kwa mhandisi. Iko kwenye kompyuta. Sijaituma.

Mzee Matar ananionesha kibao chake kikubwa cha maonesho, majina ya mitaa yote ya bonde hili, kila jina kwa mwandiko wa duka lililokuwa maarufu pale. Amebakiza majina manne. Ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, amesema mwenyewe, na si mtu wa kujisifu.

Jumatatu, 14 Aprili

Inanyesha.

Jumanne, 15 Aprili

Inanyesha. Kipande cha tatu.

Jumatano, 16 Aprili

Nilifika saa tatu, nimelowa mpaka ndani ya viatu. Eufrazia alikuwa amesimama mvuani mbele ya ukuta, gunia kichwani.

Chini ya ukuta kuna mabomba madogo sita ya kutolea maji ya kilimani. Tangu masika yaanze yamekuwa yakitiririka. Leo yalikuwa makavu, yote isipokuwa moja, na mvua ilikuwa inamwagika.

"Maji yako wapi?" aliniuliza.

Niliinama kutazama yale mabomba.

"Yako nyuma ya ukuta," alisema. "Mabomba yameziba. Maji yanakaa mle ndani yanangoja. Mimi nikifunga chungu kibichi na maji ndani, najua kitakachotokea. Wewe ni mtu wa kusoma, nieleze ninakosea wapi."

Ndipo nikatambua kwamba ile sauti yake moja haikuwa ya kulalamika. Ni sauti ya mtu aliyezoea kutosikilizwa, anasema jambo mara moja kwa kiwango kile kile, kisha analibeba mwenyewe. Wiki sita analala hatua nne kutoka kwenye ukuta huo.

Nilimpigia Mzee Albano. Hakupokea. Nikapiga tena.

Hapo nikafanya uamuzi, na nauandika kama ulivyokuwa, bila kuupamba. Nilisema wote wahamie mbele, sebuleni, leo hii. Tukabeba vitanda. Mzee Matar akauliza kuna nini. Ningeweza kumwambia. Lakini nikimwambia Mzee Matar, kesho bintiye anajua, keshokutwa ofisi inajua, na fomu inatoka kabatini. Nikamwambia, "Kunavuja sana nyuma, mzee. Mpaka mvua ipungue."

Eufrazia alinitazama, akanyanyua upande wake wa kitanda. Aya pia.

Mzee Albano alinipigia jioni. Nikamwambia naye kwamba kunavuja.

Alhamisi, 17 Aprili

Ni saa moja usiku, niko nyumbani, mama ameniwekea chai, nimeiacha imepoa.

Usiku wa jana nilikumbuka kwamba leo ni siku ya darasa. Niliamka alfajiri, nikapita Kinyerezi kwenye foleni na tope, nikafika saa tatu na nusu. Lengo langu lilikuwa kuwazuia akina mama. Walikuwa wameanza kufika, miavuli na mifuko ya plastiki vichwani. Niliwasimamisha getini, nikasema leo hakuna darasa.

"Tumetoka mbali, dada," alisema mmoja. "Mvua yote hii, angalau tukae humo ndani tujikaushe."

"Leo haiwezekani. Kunavuja."

Waliguna. Mwingine alisema serikali ndivyo ilivyo, wanakuita halafu wanakufungia. Nilikuwa nabishana nao, mgongo wangu kwenye nyumba. Ndipo nikasikia mlio. Haukuwa mlipuko. Ulikuwa kama lori linalomwaga kokoto, refu, likaendelea kumwaga wakati ungedhani limeisha. Kisha nyumba nzima ikatoa pumzi, na vumbi likatoka madirishani, vumbi jekundu katikati ya mvua.

Aya na Eufrazia walitokea mlango wa mbele mbio. Nilihesabu. Wawili.

"Mzee yuko wapi?"

"Kaenda karakana," alisema Aya. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Kafuata kibao. Kasema kunavuja tu, kisije kikaloa rangi. Kasema narudi sasa hivi."

Sijui niliingiaje. Nakumbuka kwamba mlango wa chumba cha Eufrazia ulikuwa umejaa udongo mpaka juu, na pale kilipokuwa kitanda chake mpaka jana paliota mawe. Karakana nusu yake ilikuwepo bado. Mzee Matar alikuwa ameangukia upande wenye paa, kibao kikubwa kimemlalia kifuani kama mlango, na mawe yamelala juu ya kibao. Mguu wake wa kushoto ulikuwa chini ya vyote. Alikuwa na fahamu. Alikuwa anasema, kwa sauti ndogo ya adabu, "Taratibu jamani. Taratibu."

Wale akina mama ndio waliomtoa. Kumi na wawili niliowafungia geti waliingia bila kuniuliza, wakajipanga mstari, wakapitishiana mawe mkono kwa mkono. Eufrazia alikuwa wa mbele kabisa, anachagua jiwe lipi liondoke kwanza na lipi lisiguswe. Tulimbeba kwa kitenge mpaka kwenye bajaji.

Mguu umevunjika mara mbili chini ya goti. Mbavu mbili. Daktari anasema ataishi, na kwamba kile kibao kimemwokoa. Wanaponiambia hivyo wanangoja nifurahi.

Laiti ningemwambia jana neno moja, ukuta badala ya kuvuja, asingekwenda kule.

Ijumaa, 18 Aprili

Hospitali. Mzee amelala kwa dawa. Binti yake, Ibtisam, alinikumbatia mlangoni mwa wodi.

"Allah akulipe, dada Najma. Baba kasema ni wewe uliyewatoa vyumba vya nyuma. Ungewaacha kule leo tungekuwa tunazika."

Sikuweza kumtazama. Nilisema naenda msalani, nikaondoka moja kwa moja.

Jumanne, 22 Aprili

Maonesho yameahirishwa. Kamati itakaa tarehe 6 Mei kuchunguza.

Mzee Albano aliniita. Alikuwa amekwisha kuandika ripoti, yangu, jina langu liko chini linangoja sahihi. Niliisoma nikiwa nimesimama. Ilisema ukuta umeanguka kutokana na uchimbaji wa udongo uliofanywa na msanii Eufrazia bila idhini, juu ya ukuta huo, licha ya kuonywa.

"Nilimpa idhini mimi," nilisema.

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo."

"Basi hakuna idhini." Alivua miwani, akapangusa kwa tai. "Kaa, Najma. Mimi nimebakiza miezi saba nistaafu. Wewe una miaka ishirini mbele yako, na mama wa kumtunza. Yule mama atapanda basi atarudi kwao Ludewa, hakuna atakayemfuata kule. Atapoteza nini?"

"Na fomu?"

"Fomu inasema nyumba ilikuwa salama Februari. Akaja mtu akachimba Machi. Inakaa vizuri, mwanangu. Huoni inavyokaa?"

Niliona. Ndicho kinachonitisha, kwamba inakaa vizuri sana. Kila kitu humo kilitokea, isipokuwa maneno machache.

Nikaomba nikaisome nyumbani.

Alhamisi, 24 Aprili

Habari imemfikia Eufrazia kabla yangu. Mtendaji wa mtaa alimwambia asisafiri mpaka kamati ikae. Yeye na Aya wanalala kwa mmoja wa wale akina mama. Nilimkuta uani anasafisha mchele.

"Wanasema ni mashimo yangu," alisema.

"Wanasema."

"Wewe unasemaje?"

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamwambia kuhusu fomu. Nilimwambia yote, toka ofisi ya Mzee Albano mpaka barua ambayo sikuituma. Aliendelea kuchambua mchele. Nilipomaliza aliinua ungo, akapepeta, akaweka chini.

"Labda mashimo yalisaidia," alisema. "Sijui. Nimelala bila usingizi nawaza hilo. Ninachotaka ni mhandisi aje aniambie, siyo mkuu wako. Kama ni mimi, niambiwe ni mimi na mtu aliyeangalia."

Ripoti ilikuwa kwenye mkoba wangu, ndani ya bahasha. Sikumwonesha.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekwenda kwa Mzee Matar. Yuko macho, mguu umening'inizwa. Ibtisam alinisogezea kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kibao changu kipo?"

"Kimepasuka katikati. Kipo kwa mtendaji."

Akatikisa kichwa. Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno kwenye bajaji lakini yalinitoka vibaya, bila mpangilio. Nilimwambia kwamba hakukuwa kunavuja. Nilijua ni ukuta. Niliogopa karatasi, nikamdanganya, na uongo wangu ndio uliompeleka karakana.

Ibtisam alisimama. Baba yake aliinua mkono kidogo, binti akakaa tena. Wodi ilikuwa na kelele za wageni, watu wanafungua makopo ya uji. Mzee alitazama dari.

"Mimi nikiandika kibao," alisema, "nikikosea herufi moja, mtu anapita duka alilokuwa analitafuta." Akafumba macho. "Nenda sasa. Leo sina la kukwambia."

Niliondoka. Ibtisam hakunisindikiza.

Jumapili, 4 Mei

Nimemsomea mama ripoti ya Mzee Albano, kisha nikamsomea niliyoandika mimi. Alisikiliza ya pili akiwa anashona upindo wa gauni. Aliuliza tu, "Albano anajua utasoma hii?"

"Nitamwambia kesho."

"Mwambie ana kwa ana. Siyo kwa simu. Alitubebea jeneza."

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwambia. Aliisoma yote, kurasa tatu, akanirudishia. Hakunitukana. Alisema, "Nilidhani wewe ni mtoto wangu." Kisha akasema anataka kuwa peke yake.

Jumanne, 6 Mei

Kamati. Watu saba na mwenyekiti, diwani mmoja mwanamama anayeongea polepole. Eufrazia alikaa mwisho, amevaa gauni la kanisani. Aya alikaa naye, ingawa hakuitwa.

Nilisoma kurasa zangu. Nilipofika kwenye fomu, mwenyekiti alilinyanyua faili.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliizunguka nyumba siku hii?"

"Hapana. Sikufika."

"Na mhandisi?"

Nurdin alisimama mwenyewe. "Sijawahi kufika pale kabla ya tarehe 17 Aprili. Sikuwahi kuombwa kwa maandishi. Daftari la gari langu lipo." Akaeleza alichokiona baadaye: mabomba matano kati ya sita yalikuwa yamejaa mizizi ya miaka mingi, tope la masika likamalizia kuyaziba, maji yakajaa nyuma ya ukuta, na ukuta ukaachia upande wa pili kabisa, mbali na yalipo mashimo. Kutoka kwenye mashimo mpaka ulipoanza kukatika ni hatua ishirini na mbili. "Mashimo hayakuuangusha," alisema.

Nilimwona Eufrazia akishusha mabega. Alikuwa ameyabeba juu wiki tatu.

Mwenyekiti akamgeukia Mzee Albano. "Hapa pa mhandisi pameandikwa 'kwa niaba'. Huu mwandiko ni wa nani?"

Alivaa miwani, akaiinamia ile karatasi.

"Sikumbuki," alisema.

Ni mwandiko wake. Kila mtu mle ndani ameshawahi kupokea barua yenye mwandiko ule. Nilingoja nimchukie, ingekuwa rahisi. Nilimwona tu ni mzee, tai imepinda, anaogopa kama nilivyokuwa naogopa mimi Aprili nzima. Tofauti yetu ilikuwa siku chache.

Jumatano, 14 Mei

Barua imetoka. Nimevuliwa uratibu, nimepewa onyo la mwisho, nahamishiwa ofisi ya kata, masijala. Mzee Albano ameanza likizo ya kusubiri kustaafu. Hapokei simu ya mama.

Jumapili, 18 Mei

Jua.

Akina mama wameonesha vyungu vyao kwenye uwanja wa serikali ya mtaa, bila meya. Aya aliimba mpaka spika moja ikaungua, watoto wakaruka mpaka tope likakauka. Kibao cha Mzee Matar kiliegemezwa ukutani na ufa wake katikati, majina manne hayajaandikwa. Ibtisam alikuja kwa niaba yake. Tulisalimiana. Alisema baba ameanza kukaa kitini, na kwamba amesema mguu ukipona atayamalizia, yeye mwenyewe, kwa ngazi.

Jumatatu, 26 Mei

Eufrazia ameondoka. Nilimfuata alfajiri kwenye nyumba ya mwenyeji wake, tukachukua bajaji mpaka stendi ya Mbezi Luis. Magunzi yake na mawe viko salama. Vilikuwa sebuleni siku ile. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri basi la Njombe lifungue mlango. Alikunywa chai yangu pia.

"Nilikuwa nakuchukia," alisema. "Tangu ulipopaangalia pale kwenye ufa ukasema ulikuwepo."

"Najua."

"Sasa sikuchukii. Ulisimama mbele ya wakubwa zako, nimeona. Hilo nitalisimulia nyumbani." Alifunga kitenge chake vizuri kiunoni. "Lakini siwezi kulala kwenye nyumba utakayonionesha wewe. Nakwambia ukweli, nisije nikakudanganya na mimi."

"Sawa, mama."

"Siyo kwa ubaya."

"Najua siyo kwa ubaya."

Kondakta akaita. Nilimpandishia furushi, zito kuliko nilivyodhani, nikaliweka chini ya miguu yake kwa sababu hakutaka liende kwenye buti. Alikaa dirishani, akaangalia mbele. Basi likatoka saa kumi na mbili na nusu.

Nilisimama mpaka likaingia barabara ya Morogoro. Kisha nikatafuta usafiri wa kwenda kata, maana wanafungua saa moja na nusu, na ilikuwa siku yangu ya kwanza.